Ruzuku ya Ulezi

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu hatimaye nilikuwa nimepata ruzuku. Wanaosomea uzamivu katika sayansi ya jamii wanajua maana yake: unaandika andiko la utafiti, unakataliwa, unaandika tena, huku ukiwaonea wivu wenzako wa maabara. Mada yangu ilikuwa namna Wafipa wanavyolimiana mashamba. Ruzuku ilikuwa ya msimu mmoja tu. Nisipoiona kazi hiyo kwa macho yangu kabla mvua hazijakatika, tasnifu ingebaki nusu, na mfadhili mwingine sikuwa naye.

Tulipoipita Tunduma na kuanza kuupanda uwanda wa Ufipa, nilifungua dirisha la basi. Hewa ya baridi yenye harufu ya nyasi mbichi ilinirudisha utotoni ghafla, hata nikajifanya nasinzia ili jirani yangu asiyaone macho yangu.

Sumbawanga nililala Mazwi, mtaa nilioishi nikisoma sekondari. Baiskeli zimepungua, pikipiki zimejaa, lakini moshi wa kuni wa jioni ni uleule. Asubuhi nikapanda gari la Chala, na kutoka hapo bodaboda ikanifikisha kijijini kwa mama mdogo Sesilia, mdogo wake marehemu mama yangu.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko chuoni mnakula makaratasi?”

Jumapili, baada ya misa, nikafanya kama andiko langu lilivyosema. Nilitangaza kwamba wanawake watakaokuja kulima huku nikiwatazama watapewa posho. Kesho yake walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wamevaa vitenge vya kanisani na kujipaka mafuta. Hakuna aliyeshika jembe. Walikaa kwenye mikeka uani, wakanitazama.

“Mwanetu,” akauliza jirani yetu Bernadeta, “semina inaanza saa ngapi?”

“Si semina, mama. Ni kulima.”

“Kulima kwa posho?” Wakaangaliana. “Posho si tunasaini, tunakaa, tunapewa soda? Kama ni kulima ungesema tukulimie.”

Mama mdogo alicheka mpaka akashikilia mlango. Mimi nilitaka kulia. Walipoondoka alinieleza kwamba hapa anayetaka kulimiwa anapika pombe ya ulezi na kuita majirani, basi. Nikamwambia mfadhili haruhusu pombe kwenye matumizi, hata kikombe kimoja.

“Basi mfadhili wako mimi,” akasema, akaenda kufungua kihenge.

Ulikuwa ulezi aliouweka wa kuuza. Nilijaribu kumzuia, akanisukuma kwa kiwiko. Siku zilizofuata nyumba nzima ilinukia kimea, harufu ambayo mama alikuwa akirudi nayo kwenye nguo zake, nami nikakaa jikoni kuliko utafiti ulivyohitaji. Nilimkumbuka mno.

Pombe ilipoiva, wanawake walewale walikuja alfajiri na nguo kuukuu na majembe begani. Mama mdogo alituongoza tukalipita shamba lake, tukalipita la Bernadeta, mpaka kwenye kipande kilichomezwa na nyasi. Nikauliza ni cha nani.

“Pombe imepikwa kwa jina lako, tutalimaje kwangu? Hili la mama yako. Tangu afariki halijaguswa.”

Wakaanza kuinua ntumba, vilima vya udongo vinavyofukia nyasi zioze ziwe mbolea. Walikuwa wakiimba, na katika wimbo wakamtaja mama kwa jina. Kinasa sauti nilikiacha mfukoni. Nilishika jembe, nikalia waziwazi, na hakuna aliyeninyamazisha. Jioni, kikombe kikizunguka, walinieleza yote niliyokuja kuyatafuta.

Siku ya kurudi, mama mdogo alinisindikiza hadi Chala. Nilimwambia nimejifunza kwamba kulimiwa hakujulikani kwa kutazama tu, na kwamba kwenye ukurasa wa shukrani jina lake litatangulia la mfadhili.

“Weka la yeyote,” akasema. “Ila nyasi zikishaoza, wa kuzibomoa zile ntumba na kupanda ni wewe. Mimi sina mgongo wa mashamba mawili.”

Ruzuku imekwisha, na safari ijayo hakuna anayeigharamia. Tiketi nimeshakata.