Chuo kikuu kilianza kwenye migomba ya mama, bango likasema ni pori

Wakuu, heshima zenu. Waliosoma Ngara watakijua chuo ninachokisema, jina nabaki nalo. Haya nimeyaona kwa macho yangu, anayebisha aje Mugoma nimwonyeshe.

Miaka ile ya wakimbizi, walimu wa kambini na wa vijijini walihitaji mafunzo, na pa kufundishia hapakuwepo. Mama yangu, mjane, akatoa kipande cha shamba lake la migomba. Hakuuza, alitoa.

Kijiji kikaitisha msaragambo, watu wote wakatoka kufanya kazi ya kujitolea, nguzo zikachimbiwa, turubai likavutwa juu. Mimi nilikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa la wanafunzi wa ualimu, benchi moja na Warundi. Mvua ikinyesha mwalimu ananyamaza mpaka ipite, maana turubai lilikuwa na kelele balaa.

Wakimbizi wakarudi kwao. Turubai likawa matofali, kozi ikawa chuo cha ualimu, miaka ikaenda tukaitwa chuo kikuu. Nikaajiriwa maktaba. Raha niliyokuwa nayo, acheni tu.

Ikaja sherehe ya kuadhimisha chuo. Getini wakasimika bango la historia: "Eneo hili lilikuwa pori lisilo na mtu."

Pori?

Kwa msiojua, huku kwetu mgomba haupandwi pasipo na nyumba. Ukiona migomba, jua kuna mtu.

Nikaenda kwa bosi wangu. Akasema, "Dada, hayo ni maneno tu. Kesho wageni wanafika, usituharibie." Nikamjibu kwamba nyuma ya maktaba migomba ya mama inachipua kila mwaka, na wao ndio wanaoifyeka.

Akaniuliza kama naipenda kazi yangu.

Naipenda sana. Nikatoka, nikaenda kumweleza mama.

Kesho yake mama akaja na kitenge chake cha kanisani na kikapu mkononi. Alipofika getini nikamsomea bango, neno kwa neno. Mkuu wa chuo alipoona bibi amesimama juani, akaagiza kiti.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Bango lako linasema hapa hapakuwa na mtu. Sasa hicho kiti unampa nani?"

Mkuu akaligeukia bango, akalisoma taratibu, akaamuru ling'olewe palepale.

Likabaki shimo. Mama akatoa mche wa mgomba kwenye kikapu, akapiga magoti na kitenge chake kizuri, akaupanda shimoni mbele ya wote.

Bango jipya halijaandikwa hadi leo. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, ipo kwenye droo na sijutii hata nukta yake. Mgomba umeshatoa mikungu miwili, na hakuna aliyethubutu kuufyeka.

Somo nililopata: ukinyamaza, utaandikwa pori.

Anayeona nilimkosea bosi aseme, nipo, sikimbii. Na kama chuo chako kimesimama kwenye shamba la mtu, mtaje hapa chini kwa jina lake.

Mama yangu anaitwa Verediana.