Kofia ya Fuad na Mtaa wa Salzburg

Rahma aliichukua kazi ya mikono yangu mbele ya wanawake mia mbili, akampa Mzungu asiyekuwepo duniani. Nalisema mapema ili mtu asije akaniambia nina kijicho.

Huyu Rahma ni mtu wa kawaida kabisa. Kazaliwa Mtoni, Unguja, akamfuata mumewe Marekani, na kwa miaka kumi na saba amekunja mashuka katika hoteli moja hapa Oxon Hill. Mimi nimekunja naye, meza moja. Kukunja mashuka si aibu. Aibu ilianza binti yake alipompeleka Salzburg, Austria, kwa siku nne.

Siku nne! Akarudi anatembea kama mji ule kaujenga yeye. Kila tukinywa chai anatoa simu: mtaa mwembamba wa maduka, wa zamani mno, kila mlango umening'inizwa alama ya chuma juu yake. Kiatu, ufunguo, mkasi wa dhahabu.

"Zamani watu wao hawakujua kusoma," akatueleza, "ndiyo wakawekewa picha. Mtaa huo ungekufaa wewe, Johari."

Wenzetu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Kweli sikwenda shule; herufi nimefundishwa ukubwani. Lakini nilipouona ule mkasi nilijua kwamba chini yake alikaa fundi, na mji mzima ulimjua kwa kazi yake. Rahma hakuliona hilo. Aliona dhahabu tu.

Mwanawe Fuad alipotaka kuoa, akanijia kwa sauti ya asali.

"Shoga, mtoto ataoa na kofia ya mashine kweli?"

"Nitamshonea," nikamwambia. "Malipo sitaki. Siku hiyo useme tu mbele ya watu kwamba nimeshona mimi."

"Hilo tu? Nitalipigia vigelegele!"

Kofia ya mkono ni matundu madogo madogo, na kila tundu unalizungushia uzi kwa sindano. Ilinichukua miezi saba. Ndiyo kazi pekee ninayoijua kuwashinda waliosoma. Fuad nilimpima kichwa mara tatu, na kila mara alisema "Thanks, auntie" bila kuinua macho kwenye simu.

Harusi ilikuwa Januari, ukumbi mmoja katika mji wa Columbia, si mbali na hapa. Bwana harusi alipoingizwa kwa wanawake, wakaanza kuulizana kofia ile imetoka wapi. Rahma akashika maikrofoni. Nikakaa vizuri, nikaweka mtandio sawa.

"Nimeitoa Salzburg, kwenye mtaa wangu ule! Duka la mkasi wa dhahabu!"

Wanawake wa pwani wazima, waliolelewa na mama waliokuwa wakishona kofia kutwa, wakaitikia "Mashallah!" Hakuna asiyejua kwamba kofia ile haishonwi Austria. Lakini biriani lilikuwa la Rahma, na midomo ilikuwa imejaa.

Aliyeamini alikuwa mmoja tu: Mumbi, nesi kutoka Nyeri, ambaye kofia hazijui. Mwezi wa tano akaenda Austria kutembea, akachukua picha ya Fuad, ili amnunulie kofia kama ile daktari Msomali wa kazini kwake, anayestaafu. Aliporudi alitukuta kwa Rahma, Fuad naye yupo.

"Mama Fuad, umenichosha miguu! Nimetembea hiyo street mpaka mwisho. Wananionyesha kofia za kijani zina manyoya ya ndege!"

Rahma hakupepesa jicho. "Lile duka limefungwa, mpenzi. Corona."

"Corona gani? Si ulinunua mwaka jana tu?"

"Basi ni kodi. Kodi za kule kali."

Nikaweka kikombe chini. "Mumbi, kofia ile nimeshona mimi."

"Johari naye!" Rahma akacheka. "Alinirekebishia pindo tu."

Mumbi akamgeukia kijana. "Fuad, nani alikupima kichwa?"

Fuad akamtazama mama yake, kisha zulia. "I don't remember."

Mume wa watu, ana ndevu, hakumbuki.

Mumbi aliniomba radhi, na yeye hakunikosea kitu. Anayedaiwa ni Rahma. Awakusanye wanawake walewale, asimame, aseme kwa kinywa chake: kofia aliyoolea mwanangu kaishona Johari. Na Fuad aitikie papo hapo, kwa Kiswahili, wasikie wote.