Taa ya Kulia ya Landrova Yangu

Najua utasema nilikuwa nimechoka, au nilikuwa nimeonja mbege. Mimi sinywi, muulize yeyote ninayeimba naye kwaya. Na sikuwa peke yangu. Ndani ya gari alikuwemo mama mkwe wangu, ambaye mpaka anaingia kaburini hakuwahi kukubaliana nami katika jambo lolote isipokuwa hili. Kwa hiyo kaa usikilize, ukimaliza ndiyo ubishe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamefunguka, magari ya mitumba kutoka Japani yanamiminika Arusha na taa zao za pembe nne. Mimi nilibaki na Landrova pikapu ya marehemu baba, nikibebea ndizi kutoka Akheri hadi sokoni mjini. Taa zake zilikuwa zile za duara, pana kama sahani. Kama umezaliwa juzi, nikueleze: taa zile hazikuwa na balbu ya kubadilisha. Kioo na kila kilichokuwa ndani vilikuwa kitu kimoja, vimezibwa tangu kiwandani. Ikiungua unaitupa nzima, unatafuta nyingine. Uzuri wake, taa ya gari moja ilikubali kwenye jingine. Na ndiyo maana wezi walizipenda.

Basi zangu ziliungua zote mbili, na kila nilikouliza niliambiwa za duara zimekwisha. Fundi wangu pale Themi akanipatia moja tu, iliyotumika. Akaifunga upande wa kulia.

"Ukiwasha ya kushoto peke yake, dada, anayekuja mbele atadhani ni pikipiki," aliniambia. "Atakuvaa."

Nikamuuliza ameipata wapi. Akasema kwa muuza vyuma chakavu, imetoka kwenye Landrova iliyotumbukia korongoni kule juu, dereva akafariki. Nikacheka. Nikamwambia taa haina roho, afunge nikawahi soko. Yeye hakucheka.

Sasa, masika yale binti yangu Neema alikuwa kwa bibi yake, huyo mama mkwe wangu, kule Akheri. Alikuwa mdogo, hajaanza hata shule, na alikuwa na pumu. Jioni moja nafika kupakia ndizi, namkuta kakaa kitandani, mabega yanapanda na kushuka, midomo imeanza kugeuka rangi. Dawa yake imekwisha. Mume wangu yuko safarini, simu hakuna, na mvua inamwagika kama imetumwa.

"Ngoja mvua ikatike, mama Neema," mama mkwe akasema. "Daraja lile silipendi."

"Mama, akiacha kupumua nitangoja nini?"

Alimfunga mjukuu wake kwenye blanketi, akapanda akampakata, tukaondoka.

Giza lilikuwa ndio kwanza linaingia, lakini chini ya Mlima Meru ukungu ukishuka hauulizi saa. Taa yangu moja ilikuwa inaona mbele kidogo tu. Naendesha huku nasikiliza kifua cha mwanangu. Kinapiga filimbi, kinanyamaza, kinapiga tena. Wewe umewahi kusikiliza pumzi ya mtoto wako hivyo, ukiogopa kila ukimya?

Mara nikamwona. Kijana, kasimama katikati ya barabara, shati limemganda mwilini kwa mvua, mkononi kashika isale.

Kwa asiyejua: isale ni ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini. Sisi Wachaga, na Wameru vivyo hivyo, mtu akikujia na isale hukatai. Hata kama amekuulia ndugu yako, ukishalipokea jani umeshakubali neno lake. Ndiyo maana mwenye akili husikiliza kwanza, ndipo anyooshe mkono. Mimi akili ilikuwa kwenye kifua cha Neema. Nilichotaka ni huyu mtu anipishe.

"Shikamoo bibi," akamwamkia mama mkwe dirishani, kwa adabu kabisa.

"Marahaba, baba. Tupishe, tuna mgonjwa."

Akaninyooshea jani. Nikalipokea.

"Haya, nimepokea. Sema haraka, kaka."

"Naomba taa yangu."

Lile neno la fundi, korongoni, dereva akafariki, likanirudia lote. Mama mkwe akaniangalia mimi, akaliangalia jani mkononi mwangu, akasema kwa sauti ndogo, "Umeshapokea, mwanangu." Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mwanangu.

Kijana akaenda mbele ya gari. Nikaruka chini kwenye matope, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

"Kaka, usinifanyie hivyo! Mtoto wangu anakufa!"

"Najua," akasema. "Nitawatangulia."

Akaingiza vidole, akaitoa taa kama unavyotoa yai kwenye kiota. Waya zikachomoka nyuma, nikaziona zinaning'inia. Aliyewahi kufungua taa zile anajua kwamba bila waya ni kioo tu. Niamini, ile iliendelea kuwaka. Iliwaka kifuani kwake, nyeupe kuliko ilivyowahi kuwaka kwenye gari langu.

Ungefanyaje? Nilirudi ndani nikamfuata.

Alitembea, kisha akakimbia, na mimi nyuma yake gizani. Kabla ya daraja akakata kushoto, akaingia katikati ya mibuni.

"Siyo huko!" mama mkwe akapiga kelele. Kisha sote tukasikia. Mto ulikuwa unanguruma, na ndani yake magogo ya daraja yanagongana. Tungefika pale tungeingia moja kwa moja. Mama mkwe akamkumbatia Neema. "Mfuate," akasema. "Usimwache akupotee."

Na kuna jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia natoka jasho. Pumzi ya Neema ikikwama, ile taa mbele ilisimama. Ikirudi, taa ilisonga. Alikuwa mbali nasi, mvua inapiga, injini inaunguruma. Alisikiaje?

Akatuvusha mto kule juu, mahali penye mawe ambapo hata mkokoteni haupiti, akatushusha hadi nikaona magari ya barabara ya lami. Nilipogeuza macho kumtafuta hakuwepo, na taa haikuwepo. Nikaunga nyuma ya lori moja, nikafuata taa zake nyekundu hadi hospitali. Wakamwekea Neema hewa. Alipolala, nililia mpaka nesi akaja kunishika bega.

Fundi alipoliona gari aliuliza nani kaitoa taa. Pete ya chuma iliyoishikilia ilikuwa mahali pake, na skrubu zake zote zimeshika kutu, hazijaguswa.

Sikuweza kukaa kimya. Nilitafuta mpaka nikaelekezwa kwa mama wa yule dereva, kijijini Kikwe. Nilikwenda na mama mkwe, na lile jani. Nilipolitoa, yule mama alitukalisha, kisha akatueleza.

Mwanawe hakufa alipoanguka. Alibanwa miguu, gari limelala korongoni, taa zinawaka. Jirani mmoja ng'ambo ya bonde aliuona ule mwanga akawa anavaa viatu aende akaangalie. Mara ukazimika wa kushoto, kisha wa kulia. Akadhani gari limeshaondoka. Akavua viatu.

"Tulimkuta asubuhi," mama akasema. "Mwili bado una joto. Gari halina macho. Wezi walifungua taa, mwanangu anawaangalia."

Mama mkwe alipiga magoti, na mimi nikapiga magoti, tukamwomba radhi kwa kitu ambacho hatukukifanya. Akalipokea jani. Tulilipanda pamoja naye kwenye kaburi la mwanawe.

Neema sasa ni mama, ana gari lake lenye taa za plastiki zilizochongoka kama macho ya paka, na hunicheka kwa sababu sinunui kipuri kilichotumika bila kuuliza mwenyewe yuko wapi. Acha acheke. Ana pumzi ya kuchekea.

Ile taa sikuiona tena. Lakini ukungu ukishuka siendeshi. Naegesha, nazima injini, na bado masikio yangu yanatafuta ile filimbi ya kifua, ingawa sina mtoto ndani ya gari.

Na wewe unayesafiri nikuombe kitu kimoja. Ukikuta gari limelala mtaroni na taa zake bado zinawaka, teremka. Usiziangalie taa. Mwangalie mtu.