Posa ya Friji

Nyumba niliyopanga Kiwalani ilikuwa na vyumba vinne na luku moja, mita ya umeme ya kulipia kabla, na anayeyajua maisha ya Dar ameshaelewa kwamba amani hapakuwa nayo. Kila uniti zikikata, mama mwenye nyumba alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Mie ni fundi cherehani. Cherehani ya umeme, pasi inashinda imewaka kutwa, basi mchawi keshapatikana. Mara ya mwisho alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele: mwezi ukiisha hali ikiwa hii hii, nitafute chumba kwingine. Wateja wangu wote walikuwa mtaa ule. Kuhama ni kuanza upya, na mie kuanza upya nilishaanza vya kutosha.

Sasa, pale ukumbini palikuwa na friji. Sijui nilielezeje. Alilinunua marehemu mume wa bi mkubwa, huyo mwenye nyumba. Mlango ulifungwa kwa kamba ya katani, na lilinguruma mpaka ndege zinazotua pale uwanjani tukawa hatuzisikii. Ndani hamna kitu: chupa mbili za maji na limau moja lililonyauka. Lakini kulizima, thubutu.

Bi mkubwa akapata msiba kwao Newala. Akaniachia gauni nimshonee, akaondoka wiki nzima. Sie huku nyuma tukachomoa friji. Uniti zilizokuwa zikiisha kwa siku tatu, wiki ikapita na nyingine zimebaki. Mpangaji mwenzetu, mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu, akapiga hesabu, akatangaza kwamba mwizi kakamatwa. Nilishangilia kuliko wote. Ila kuna jambo sikulisema, Mungu anisamehe: wiki ile cherehani yangu iliharibika, ilikuwa kwa fundi, na pasi sikuigusa hata siku moja.

Mpango wa mwalimu ulikuwa mzuri, hadi leo nausifu. Kulikuwa na duka linalokopesha mafriji madogo yasiyokula umeme, unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Wapangaji tuchukue moja, na hela zilizokuwa zikiliwa na lile kongwe ndizo zilipe deni. Friji litajilipia lenyewe. Kianzio nilikitoa mie, nimekikopa kwenye kikoba, chama chetu cha kuweka na kukopa. Hapo uone nilivyokuwa na hamu ya kubaki.

Kazi ikawa kumwambia bi mkubwa aliporudi. Mjane utamwambiaje kwamba kumbukumbu ya mumewe ni mwizi? Tukaona njia ya kuomba kitu kikubwa kwenye nyumba ya watu bila ugomvi ni moja tu, nayo ni mshenga. Mwalimu akavaa koti. Tukaingia ukumbini tumejipanga, bahasha ya posa ikiwa kwenye sinia lililofunikwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Baada ya salamu ndefu, mwalimu akaeleza kwamba tumepita, tumeona ua katika nyumba hii, tumelipenda. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye friji.

Nilijua anatufukuza. Bi mkubwa akalitazama friji, akatutazama sie, akavuta ushungi wake vizuri, akasema yeye hatoi mtoto bure. Alitaka mkaja wake kama mama. Alitaka na kilemba cha marehemu. Akataka na kifungua mlango, maana mlango wenyewe tumeuona una kamba. Tulicheka hadi mwalimu akavua miwani. Mkaja niliutoa mfukoni mwangu, noti juu ya noti. Lakini siku mnunuzi wa vyuma chakavu alipolipakia kwenye mkokoteni, yule mama aliushika mlango wa friji akalia, na hapo hakuna aliyecheka.

Friji jipya likaja, kimya kama mkwe mgeni. Tukanunua umeme wa kiasi kilekile. Cherehani yangu ilishapona, na ulikuwa msimu wa sare za harusi, nikapiga pasi asubuhi hadi alasiri. Siku ya tano uniti zikakata.

Nikajifungia chumbani, najifanya nimelala mchana kweupe. Hodi ikapigwa. Kufungua, ni mwalimu na koti lake lilelile, hanitazami usoni. Nyuma yake bi mkubwa kashika sinia, juu yake kitambaa changu.

"Tumepita," mwalimu akasema, "tumeona ua katika chumba hiki."

Akaionesha pasi.

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Nikaungama yote, ya cherehani kuwa kwa fundi na ya pasi kutoguswa. Bi mkubwa akasema alijua tangu siku aliyorudi msibani, maana gauni lake alilikuta vilevile alivyoliacha. Friji lilikuwa linakula kweli, akasema, ila lilikuwa na mwenzake. Akanisogezea bahasha. Ndani mlikuwa na mkaja wangu, noti zilezile, hakuzigusa. Akasema nikanunue mita yangu ndogo, nifungiwe chumbani, kila mtu ajue anachokula. Aibu iliyonishika, nikaanza kukataa.

"Mwanangu," akasema, "mie nimemtoa marehemu wangu mlango huu mara mbili, ya pili kwa ajili yako. We pasi tu ndiyo ikushinde?"

Mita ilifungwa wiki ileile. Kazi ya kwanza ilikuwa gauni lake. Nililishona bure, nikalinyoosha taratibu kwa uniti zangu mwenyewe, huku jicho liko kwenye mita.