Mbegu za Cécile

Bizimana alikuwa mtu wa kubishana na kila kitu: bei ya nyanya, msimamizi wake pale ghalani Smithfield, ugenini walikohamia, hata mvua. Kitu kimoja tu hakuwahi kukitia mkono, nacho ni mbegu za mkewe. Mama yake, kwao mkoani Ngozi, alimfunza tangu utotoni kwamba mume hashiki mbegu za mkewe ila akishamzika. Kwa hiyo kila majira ya baridi Cécile ndiye aliyekausha mbegu za maboga, akazifunga kitambaani na kuzitundika jikoni, na mara kwa mara akazishusha kuzianika zisivunde.

Agosti ya mwaka wa pili wa korona, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa na wanajeshi wakigonga milango kuhakikisha hakuna atokaye, Cécile alirudi akikohoa kutoka kwenye makao ya wazee alikofanya usafi. Haikupita wiki, gari la wagonjwa likamchukua. Hakuna aliyeruhusiwa kumfuata.

Mvua ikanyesha mfululizo, na jikoni kukaanza kunuka uvundo.

"Papa, just put them in the sun," binti yao Nadège akamwambia.

"Usiguse! Mama yako atarudi, atazianika mwenyewe."

Lakini aliogopa. Kila alipoingia kuchemsha chai alikipa kitambaa kile mgongo.

Septemba ilipoingia, mwezi wa kupanda maboga, muuguzi akawapigia kwa video. Cécile alikuwa na barakoa ya oksijeni, macho yamedidimia.

"Papa Nadège, mbegu yangu umepanda?"

"Nipande mimi? Njoo upande mwenyewe!" Alifoka mpaka Nadège akaangua kilio.

Cécile akamwacha amalize, kama alivyomwacha miaka yote.

"Ikioza, mtoto atapanda nini? Panda, chéri. Mimi ndiye nakutuma."

Bizimana alijua anaambiwa nini. Akaenda jikoni, akasimama mbele ya kitambaa kile.

Kesho yake asubuhi akafungua kitambaa. Nyingi zilikuwa zimeshika ukungu. Chache bado nzima. Akapiga magoti uani, akachimba kwa mikono, machozi yakimtiririka bila haya.

Simu ikalia ndani. Nadège akasimama mlangoni ameishika. "Papa, it's the hospital."

Hakugeuka. Aliendelea kufukia mbegu moja moja, taratibu, maana mpaka aipokee ile simu alikuwa bado ana mke.