Machano na Redio Iliyonyamaza

Machano hakuwa mtu wa kuombwa radhi akakubali papo hapo, na kuomba yeye mwenyewe, ndiyo usiseme. Alifanya kazi ya redio melini mpaka akastaafu, akarudi kwenye ghorofa lake la Michenzani, akakata leseni, akafunga waya wa eriali juu ya dari na kuketi na redio yake. Kila jioni kabla ya magharibi alizungumza na Muhiddin, aliyekua naye mlango kwa mlango hapo hapo Ng'ambo na sasa anakaa Maskati kwa wanawe. Simu za mkononi wote wawili walikuwa nazo. Lakini simu, walisema, ni ya wajukuu. Redio ni yao.

Siku hizo jirani wa chini alikuwa amefunga taa mpya za rangi, na redio ikawa inavuma kama mzinga wa nyuki. Machano akawa anaibana filta, ipitishe sauti nyembamba tu na mavumo yabaki nje, kisha anailegeza, kisha anaibana tena. Katikati ya pirika hizo Muhiddin akamwambia kwamba Idi hii nayo haji. Alikuwa ameahidi. Sababu hakuitaja.

"Basi kaa huko huko, uzikwe na mchanga wa watu!" Machano alifoka, akaitupa maiki mezani na kutoka kwenda msikitini. Redio akaiacha wazi.

Adhana ilipolia, mkewe, Bi Khairat, akaingia kuiteremsha sauti, kwani kwao adhana haishindanishwi na redio. Kazi hiyo siku zote huifanya Machano. Kwenye redio ile vifundo viwili vimekaa kimoja ndani ya kingine: cha ndani ni cha sauti, na pete ya nje ni ya usikivu, yaani redio ikamate kwa nguvu gani kinachokuja kwenye waya. Bi Khairat alishika kilichomjia mkononi, akazungusha mpaka mavumo yakakatika. Akaenda kusali.

Kesho yake Machano aliikuta redio imetulia kama maji ya mtungini. Akajisifu. Filta aliyoibana jana imeyaweza mavumo! Mshale wa redio, unaoonyesha nguvu ya kinachoingia, ungemwambia ukweli, lakini ulikufa zamani na hakuutengeneza, kwa kuwa masikio yake, alisema, yanamtosha. Saa ya Muhiddin ikafika, ikapita.

"Kanisusa," akamwambia mkewe.

"Si umpigie simu?"

"Nimpigie kwa lipi? Aliyesusa yeye."

"Haya. Ukisusa, wenzio wala."

"Mie sikususa, Bi Khairat. Nimesusiwa."

Lakini chakula cha usiku hakukigusa. Jioni zilizofuata aliiwasha redio vile vile, kisha akakaa mbali nayo, karibu na dirisha, akijifanya anatazama watoto wanavyocheza mpira chini. Hakuna aliyedanganyika, hata yeye.

Jioni moja adhana ikaanza naye amekaa hapo hapo. Bi Khairat akapeleka mkono kwenye redio. Imenyamaza, ndiyo, lakini adabu ni adabu.

"Ngoja," alisema Machano. "Unashika wapi hapo?"

"Pale pale nlipoteremsha siku ile ulipotoka na hasira zako."

Machano akaona mkono wa mkewe uko kwenye pete ya nje, si kwenye kifundo cha sauti. Akanyanyuka, akaizungusha pete ya nje mpaka juu. Mavumo ya taa yakajaa chumba, na chini yake sauti ya mtu, nyembamba, kama aliyebanwa pua. Akailegeza filta taratibu.

"... kila jioni nnakuita, Machano. Daktari kanikataza ndege, kwa ajili ya moyo. Sikutaka kukwambia, mie nnakujua, ungelia. Basi leo nnaaga. Wanangu wanasema redio inanichosha, na mwenzangu mwenyewe ushanisusa. Ntaifunga."

Muhiddin akavuta pumzi. Dirishani adhana ilikuwa katikati. Tangu utotoni Machano hajapata kusema neno adhana ikilia, na akingoja iishe, Muhiddin atakuwa keshazima. Akamtazama mkewe. Bi Khairat alikwenda akalifungua dirisha lote.

Machano akabonyeza kitufe cha maiki ili sauti iende, akainyoosha maiki nje ya dirisha, mdomo kaufumba. Alikaa hivyo mpaka mwadhini akamaliza, ndipo akakiachia kitufe apate kusikia.

Mavumo. Mavumo matupu. Lo, kachelewa.

"Yakhe," sauti ikasema, ikakwama. "Huo si msikiti wetu?"

"Ndiyo wetu," alijibu Machano, machozi yakimtiririka wala hayafuti. "Muhiddin, nisamehe. Lile neno nlilokwambia..."

"Mwadhini mpya huyo?"

"Mtoto wa yule wa zamani."

"Kamrithi babake sauti, mashaallah." Muhiddin akakohoa. "Kesho usinambie kitu wewe. Nifungulie dirisha tu."