Nilivyokuwa Nikitia Tairi Dawa

Tairi hutiwa dawa kidogo kidogo, bila pupa. Mume wangu hakuwa na subira hiyo, ndiyo maana kazi ikawa yangu. Alikuwa mchota maji wa Garissa, na gari lake la punda lilikuwa na tairi mbili zilizotolewa kwenye gari dogo bovu. Kila Idi wachota maji walishindana mbio kwenye uwanja wa mchanga nje ya mji. Jua la kwetu hukausha mpira ukawa mgumu kama kwato, na tairi ngumu huteleza penye kona. Mume wangu alipenda kona kuliko alivyopenda chakula changu.

Nilichanganya mafuta ya taa na tapentaini, nikatia mafuta ya mbarika kidogo, nikapaka kwa kitambaa huku nikizungusha gurudumu. Kisha nilizifunga tairi kwa magunia dawa isikauke upesi, nikaziacha kivulini. Zikiwa tayari, ukikandamiza ukucha unaacha alama. Ukizidisha dawa, mpira unakuwa kama halua, unameguka. Majirani walisema nimemroga punda. Niliwaambia punda ni yule yule mvivu wanayemjua, waje wanuse magunia.

Nilizaliwa upande wa Masalani, nikacheza mtoni na watoto wa Wapokomo, ambao lugha yao ni jirani ya Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili changu kilinyooka. Cha mume wangu kilikuwa cha sokoni. Herufi p ilimshinda kabisa, kama Wasomali wenzetu wengi. Akitaka kujaza tairi angeniita kama mwanamke anavyoitwa kwa Kisomali, "Naa, lete bambu."

"Pampu," ningemwambia. "Funga midomo, halafu achia."

"Ubebo ni ule ule," angejibu, nami ningecheka mpaka nishike mbavu.

Vita vilipoingia, mbio zilikwisha. Waliokuwa porini na bunduki wakipigana na serikali waliitwa shifta, na sisi tuliobaki nyumbani tukatazamwa kama mama zao. Wafugaji walikusanywa ndani ya vijiji vya seng'enge, ngamia wao wakachukuliwa au wakapigwa risasi. Mama mkwe wangu alikuwa ndani ya kimoja, pamoja na wajukuu wake, na kisima kilikuwa mbali nje. Mume wangu alipata ruhusa ya kuwapelekea maji mchana. Tairi mpya hazikupatikana kwa dua wala kwa fedha. Zile zile za mbio, zilizopasuka hata nyuzi zikaonekana, ndizo zilizobeba mapipa. Niliendelea kuzitia dawa, ingawa nilijua nampa uji mgonjwa mahututi. Zikigoma, wale watoto hawanywi. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Siku moja nilifuatana naye kwa sababu mama mkwe alikuwa anaumwa. Tairi moja ilikuwa inavuja, basi tulibeba pampu, nami niliifunga ndani ya gunia la dawa mchanga usiiingie. Kwenye kizuizi tulimkuta askari kijana kutoka bara. Lori lilikuwa limekanyaga bomu kwenye njia ile siku chache nyuma.

"Mbona mnanuka mafuta? Umebeba nini, mzee?"

"Maji, afande. Na bambu."

"Na nini?"

"Bambu!" Mume wangu alipaza sauti, akidhani anamsaidia. "Bambu iko ndani ya gunia."

Askari akaruka nyuma akipiga kelele kwamba kuna bomu. Wenzake wakaja mbio. Mume wangu akalazwa kifudifudi, mtutu kisogoni.

"Pampu!" nilipiga ukelele. "Anasema pampu! Pampu ya tairi!"

"Nyamaza, mama!"

Walilifungua gunia kwa fimbo ndefu. Ikatoka pampu, kuukuu, mpini umefungwa kwa kamba. Mmoja wao alicheka, nami nikashusha pumzi, mjinga mimi, nikadhani yamekwisha. Mkubwa wao akaja, akaitazama ile pampu, akamtazama mume wangu, akasema mtu hataji bomu bure, aende akaeleze vizuri. Nilieleza mimi, kwa Kiswahili kilichonyooka, nikarudia, nikalia. Hawakutaka maelezo yangu. Walimpandisha kwenye lori.

Aliniambia kwa Kisomali niwapelekee watoto maji kabla hayajachemka juani. Nikamshika punda hatamu, nikaenda. Watoto walinywa. Mama mkwe aliniuliza mwanawe yuko wapi, nikasema yuko nyuma, anakuja.

Nilikwenda ofisi ya serikali kumwulizia, wakaniambia hawana mtu wa namna hiyo. Nilikwenda kambi nyingine, wakanifukuza langoni. Niliwachukia, na bado nawachukia, sitaficha. Vita vikaisha, waliokuwa porini wakarudi na kusamehewa, wengine wakafungua maduka. Mume wangu, ambaye hakuwahi kushika bunduki, hakurudi. Mama mkwe alikufa akiwa bado anamngoja.

Wazee waliniuliza mbona sikai eda. Niliwajibu, eda ni ya mke aliyefiwa, na mimi hakuna aliyeniambia nimefiwa. Basi, wakasema, mbona huolewi? Nikawauliza ni sheikh gani atakayemwozesha mke wa mtu. Walivaa viatu vyao, wakaenda. Nimezeeka hivi hivi, si mke wala si mjane, na wale waliompandisha lori, wanaojua nilicho, hawatasema.